Adapta ya Wi-Fi kwenye Linux: Ulizia Chipu Kabla ya Jina

Neno "Linux" lililochapishwa ubavuni mwa boksi la adapta ya Wi-Fi linaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Maana ya kwanza ni kwamba draiva, yaani programu ya kuiendesha chipu iliyomo ndani, imekwisha kuingizwa kwenye kerneli yenyewe, kiini cha mfumo wa Linux, kiasi kwamba ukiichomeka adapta mitandao ya jirani inajiorodhesha baada ya sekunde chache bila wewe kusakinisha chochote. Maana ya pili ni kwamba ndani ya boksi kuna CD ndogo yenye folda ya msimbo chanzo ulioandikwa enzi za kerneli 2.6 au 3, ambao haukubali kukompailiwa (kugeuzwa kuwa programu inayoendeka) kwenye mfumo wa leo, na ambao pengine hutaweza hata kuusoma kwa sababu kompyuta nyingi hazina tena mahali pa kuingizia CD. Muuzaji wa Kariakoo anayekuambia kwamba "inakubali Linux" hadanganyi, anasoma kilichoandikwa. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kujua ni maana ipi aliyoishika mkononi, na afanye nini ikiwa ni ile ya pili.

Jina la kampuni na namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni mwa adapta havitoshi kulijibu swali hilo, kwa kuwa kerneli haishughuliki na majina ya biashara bali na chipu. Mfano unaofahamika sana ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la kwanza la adapta hiyo lilitengenezwa kwa chipu ya Atheros AR9271, ambayo draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli tangu zamani na imesifiwa kwa utulivu wake. Hata msimbo wa fimuwea yake, yaani programu inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe, umewekwa wazi, jambo ambalo ni nadra sana katika vifaa vya aina hii. Kuanzia toleo la pili kampuni iliweka chipu ya Realtek RTL8188EUS, lakini jina la modeli likabaki lile lile, na tofauti ikawa ni herufi ndogo zinazotaja toleo kwenye kibandiko. Mtu aliyesoma ushauri wa miaka ya nyuma kwamba "TL-WN722N ndiyo adapta ya Linux", kisha akaenda dukani, alirudi nyumbani na kifaa kingine kabisa chenye jina lile alilolitafuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kunakili amri yoyote uliyoikuta mtandaoni, ni kuitambua chipu. Chomeka adapta, fungua terminali, andika `lsusb`. Kila kifaa kitapata mstari wake, na ndani ya mstari huo, baada ya herufi ID, kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa. Namba 0cf3:9271 ndiyo ile Atheros niliyoitaja. Namba 148f:5370 ni Ralink RT5370, na 148f:7601 ni MT7601U ya MediaTek, kampuni iliyoinunua Ralink mwaka 2011, ndiyo maana chipu yake inaonekana ikiwa bado imebeba namba ya Ralink. Vile vidude vidogo vya bei ya chini visivyozidi ukubwa wa ukucha, ambavyo havina jina wala anwani ya aliyevitengeneza, mara nyingi vimebeba mojawapo ya chipu hizo mbili za mwisho, na kwa bahati njema zote mbili zina draiva ndani ya kerneli: rt2800usb kwa ile ya kwanza, na mt7601u kwa ile ya pili tangu kerneli 4.2 ya mwaka 2015. Nimeona watu wakikidharau kidude cha namna hiyo kwa sababu hakina jina, wakanunua kikubwa chenye antena mbili na nembo inayong'aa, kisha kikubwa ndicho kikawasumbua.

Ukiandika `lsusb -t` utapata mchoro wa matawi unaoonyesha pia draiva iliyoshika kila kifaa. Ikiwa neno Driver halifuatiwi na jina lolote, au limefuatiwa na none, basi kerneli imekiona kifaa lakini haina wa kukiendesha. Kwa kadi iliyofungwa ndani ya kompyuta mpakato amri ni `lspci -nnk`, na mstari unaoutafuta ni ule unaosema "Kernel driver in use". Ukishaipata namba, itafute yenyewe kama ilivyo. Majibu utakayoyapata yatakuwa machache kuliko ungetafuta jina la kampuni, lakini yatahusu kifaa chako.

Yapo mazingira ambamo draiva imekishika kifaa na bado Wi-Fi haionekani. Chipu nyingi za siku hizi haziwezi kufanya kazi mpaka zipakiwe fimuwea, ambayo draiva huisoma kutoka folda ya /lib/firmware na kuisukuma ndani kila mara kifaa kinapowashwa. Faili hilo likikosekana, `sudo dmesg` itakuonyesha mstari unaosema kwamba kupakia fimuwea fulani kumeshindikana kwa kosa namba -2, na kosa hilo lina maana ya kwamba faili halikupatikana. Jina lake hutajwa hapo hapo, kwa mfano mt7601u.bin. Kwenye Ubuntu na Linux Mint karibu faili zote za aina hiyo zimo katika pakiti moja, linux-firmware, na kwa kawaida imeshasakinishwa. Debian ilikuwa na msimamo mkali zaidi: fimuwea ambazo si huria hazikuwekwa kwenye diski rasmi ya usakinishaji, ikabidi mtu abebe faili kwenye flashi ya pembeni katikati ya usakinishaji. Wanachama wa mradi huo walipiga kura mwaka 2022 kuubadilisha utaratibu huo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikawa ya kwanza kubeba fimuwea hizo ndani ya diski rasmi. Binafsi naona walifanya vema. Uhuru wa programu ni jambo la maana, lakini kompyuta isiyoweza kuufikia mtandao haimfundishi mtu uhuru wowote.

Hapo ndipo mtu hukutana na mkwamo unaochekesha kwa asiyehusika: ili upate faili la kuiwezesha Wi-Fi unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji Wi-Fi. Nyumba nyingi kwetu hazina waya wa mtandao uliovutwa hadi mezani, kwa hiyo ushauri wa kawaida wa kutumia kebo ya ruta hausaidii. Kinachosaidia ni simu. Iunganishe simu ya Android kwa waya wake wa kuchajia, hakikisha ni waya unaopitisha data na si umeme peke yake, kisha katika mipangilio ya hotspoti washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, bila draiva ya ziada, na kompyuta itaingia mtandaoni papo hapo. Si lazima bando lako liishe kwa kazi hiyo, maana simu nyingi zikiwa zimeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani hupitisha Wi-Fi hiyo hiyo kwenda kwenye kompyuta kupitia waya. Kwa maneno mengine, simu yenyewe inakuwa adapta. Kwa mtu anayehitaji kumaliza kazi usiku huu, suluhisho hilo linaweza kumfaa kwa juma zima huku akiendelea kutafuta lile la kudumu.

Kwenye soko letu la kompyuta mpakato zilizotumika Ulaya na Marekani, kadi utakayoilalamikia zaidi ni ya Broadcom. Kampuni hiyo kwa miaka mingi haikutoa draiva huria wala maelezo ya chipu zake, kiasi kwamba draiva ya b43 ilizaliwa kwa watu wa nje kuichunguza draiva ya kampuni na kubuni upya jinsi chipu inavyozungumza. Kulikuwa pia na ndiswrapper, ambayo iliipokea draiva ya Windows na kuiendesha ndani ya Linux. Aliyeipitia enzi hiyo anajua jinsi tulivyokuwa tukizunguka na faili za .inf za draiva hizo kwenye flashi. Mwaka 2010 Broadcom hatimaye ilitoa draiva huria kwa baadhi ya chipu, lakini neno "baadhi" ndilo la kuliangalia. Kadi ya BCM4313, yenye namba 14e4:4727, inaendeshwa na brcmsmac iliyomo kwenye kerneli. Kadi ya BCM43142, yenye namba 14e4:4365, ambayo imo katika kompyuta nyingi za bei nafuu za miaka ya 2013 hadi 2016, haina draiva huria hata moja. Inategemea draiva ya kampuni iitwayo wl, inayopatikana kwa jina la bcmwl-kernel-source kwenye Ubuntu na broadcom-sta-dkms kwenye Debian.

Draiva hiyo ya wl inafanya kazi, nami sitamkataza mtu kuitumia, ila ni vizuri ajue anachokichukua. Toleo la mwisho kutolewa na Broadcom ni la mwaka 2015, na tangu hapo wasimamizi wa mifumo mbalimbali wamekuwa wakilitia viraka ili liendane na kila kerneli mpya. Kerneli ikipiga hatua kabla ya kiraka kuwa tayari, asubuhi unawasha kompyuta na Wi-Fi haipo. Aidha wl haipatani na draiva huria za Broadcom, hivyo usakinishaji wake huzizuia zisipakiwe. Anayejaribu suluhisho moja juu ya jingine bila kufuta la kwanza hubaki na kompyuta ambayo draiva zake zote zimezuiana. Kwa mwenye bisibisi na utulivu wa mikono, njia ninayoipenda ni kuitoa kadi ya Broadcom na kuweka ya Intel, maana draiva ya iwlwifi imo kwenye kerneli na hutunzwa na wahandisi wa Intel wenyewe. Kuna mitego miwili. Baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, na ukiweka kadi isiyomo kompyuta hugoma kuwaka na kuonyesha ujumbe wa kifaa kisichokubalika. Pia kadi za Intel kama AX201 na AX211 ni nusu ya kifaa, kwani nusu nyingine imo ndani ya prosesa au chipuseti ya Intel inayoendana nazo. Anayetaka kadi kamili kwa mashine yenye nafasi ya M.2 achague AX200 au AX210. Kompyuta za umri wa BCM43142 mara nyingi zina nafasi ya aina ya zamani zaidi, kwa hiyo fungua kifuniko uangalie umbo la kadi kabla ya kuagiza nyingine.

Realtek ni hadithi tofauti, na ndiyo inayowahusu wanunuzi wengi wa adapta za USB. Kwa muda mrefu chipu zake za kizazi cha Wi-Fi 5 hazikuwa na draiva ya USB ndani ya kerneli, na watu wa kujitolea walichukua msimbo wa kampuni, wakautengeneza, wakauweka wazi ili kila mtu aukompaili mwenyewe. Maelekezo yale bado yamejaa mtandaoni, na watu bado wanayafuata, ilhali hali imebadilika. Kerneli 6.2 ya Februari 2023 iliipa draiva ya rtw88 uwezo wa kuendesha adapta za USB zenye chipu za RTL8821CU, RTL8822BU na RTL8822CU. Kufikia kerneli 6.14 ya Machi 2025 zilikuwa zimeongezwa pia RTL8812AU na RTL8821AU, ambazo ndizo zilizokuwa zikitajwa sana na wanaohitaji adapta zenye nguvu. Kwa hiyo kabla ya kukompaili chochote andika `uname -r` ulinganishe. Debian 12 ilikuja na kerneli 6.1, ikaikosa nafasi hiyo kwa hatua moja tu; Linux Mint 21 ilianza na 5.15, na Mint 22 ikaanza na 6.8. Mara nyingi tiba iliyo rahisi zaidi ni kusakinisha kerneli mpya kutoka hazina rasmi ya mfumo wako, ambayo kwa Debian iko kwenye backports, hazina ya pakiti mpya zaidi, na kwa Mint imo ndani ya kisasishi chenyewe, kisha kuwasha upya.

Adapta kadhaa za Realtek zina tabia nyingine inayowachanganya watu: zikichomekwa zinajitambulisha kama CD yenye programu za Windows, na `lsusb` inaonyesha 0bda:1a2b badala ya namba ya chipu. Waliowahi kutumia modemu za 3G za USB wataikumbuka tabia hiyo, kwa kuwa modemu zile nazo zilifanya vivyo hivyo, na chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake, usb_modeswitch, ndicho kinachotumika hata hapa. Andika `sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`, subiri kidogo, kisha rudia `lsusb`. Namba itakuwa imebadilika, kwa mfano kuwa 0bda:c811, na hapo ndipo draiva inapopata cha kushika. Nimeona draiva ikisakinishwa na kufutwa mara nyingi kwa ajili ya adapta ambayo muda wote huo ilikuwa bado inajifanya CD.

Ikibidi kukompaili, fanya hivyo kwa kutumia DKMS, ambayo hukompaili moduli, yaani draiva yenyewe, upya kila kerneli inaposasishwa. Utahitaji pakiti za dkms na build-essential pamoja na vichwa vya kerneli unayoitumia, linux-headers. Ukikosa hivyo vya mwisho, ujumbe wa kosa utakuwa mrefu na wa kutisha ilhali kinachokosekana ni pakiti moja. Kisha kuna Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa pekee tangu kompyuta inapowaka. Kompyuta iliyowashiwa ulinzi huo inakataa moduli isiyosainiwa, na ukijaribu kuipakia kwa `modprobe` unajibiwa kwamba ufunguo umekataliwa. Ubuntu hukuomba nywila wakati wa kusakinisha, na unapowasha upya hutokea skrini ya bluu inayokutaka uusajili ufunguo mpya kwa kuandika nywila hiyo hiyo. Skrini hiyo hungoja sekunde chache tu, na watu wengi huipita kwa kubonyeza Enter wakidhani ni hitilafu, kisha hujiuliza kwa nini draiva iliyosakinishwa bila kosa haipakiwi. Ikikupita, `mokutil --import` hukuruhusu kuanza tena. Sipendekezi kuizima Secure Boot kwa sababu ya adapta ya bei ndogo, ingawa najua wengi ndivyo wanavyofanya.

Anayenunua leo na bado hajatoa fedha yake atafute MT7612U, au MT7921AU ikiwa kerneli yake ni 5.18 au zaidi na anataka Wi-Fi 6. Zote mbili zinaendeshwa na familia ya draiva ya mt76 iliyomo kwenye kerneli. Ni ghali kuliko vile vidude vidogo na si rahisi kuzikuta madukani kwetu. Kwa matumizi ya kawaida ya barua pepe, vikao vya video na kusasisha mfumo kwenye 2.4 GHz, kidude cha RT5370 kinatosha kabisa, na ukimwomba muuzaji akuruhusu kukichomeka kwenye kompyuta yako mwenyewe kabla ya kulipa, `lsusb -t` itakupa jibu mbele yake.

Adapta ikishafanya kazi, matatizo yanayobaki ni ya aina nyingine. Ikiwa kadi inaonekana lakini imezimwa, `rfkill list` itakuambia kama kizuizi ni cha programu, ambacho `rfkill unblock wifi` hukiondoa, au ni cha kitufe cha kompyuta yenyewe, ambacho amri haiwezi kukigusa. Ikiwa mtandao wa jirani unaonekana na wako hauonekani, angalia kama ruta imejiweka kwenye chaneli ya 12 au 13, kwa kuwa mfumo usiojua uko nchi gani huwa mwangalifu kwenye chaneli hizo; `iw reg get` itaonyesha nchi uliyowekewa, na `sudo iw reg set TZ`, au KE kwa aliyeko Kenya, itairekebisha.

Muunganisho unaokatika kila baada ya dakika kadhaa, au kurasa zinazochelewa kufunguka huku alama ya mawimbi ikiwa imejaa, mara nyingi husababishwa na mfumo wa kuokoa umeme unaoilaza kadi. Kwa wanaotumia NetworkManager, tengeneza faili ndani ya folda ya /etc/NetworkManager/conf.d/ lenye kichwa `[connection]` na chini yake `wifi.powersave = 2`, ambapo 2 inamaanisha kuzima uokoaji huo. Kwenye Ubuntu folda hiyo ina faili lililokwisha kuandikwa thamani ya 3, na hilo ndilo la kurekebisha. Adapta inayoiona mitandao lakini ikashindwa kuunganishwa wakati nywila ni sahihi hutibika wakati mwingine kwa kuzuia ubadilishaji wa anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi mtandaoni, wakati wa kutafuta mitandao: kichwa `[device]`, na chini yake `wifi.scan-rand-mac-address=no`.

Na ikiwa kasi inaporomoka kila unapochomeka diski ya nje, tatizo halimo kwenye draiva. Vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel yenyewe ililichapisha mwaka 2012, na adapta ndogo iliyo sentimita mbili kutoka kwenye diski hiyo haiwezi kuisikia ruta vizuri. Ihamishie upande wa pili wa kompyuta, au itundike kwenye kebo ya kurefushia ya USB 2 yenye urefu wa mita moja.